Kasisi Mmoja, Kengele Nane

Msomaji akijaliwa kufika mashambani huko Uingereza, katika majimbo kama Lincolnshire au Norfolk, atakuta karibu kila kijiji kina kanisa lake la mawe, lina mnara, limezungukwa na makaburi, na mengi ya makanisa hayo yalikuwa yamesimama hapo kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa mwaka 1498. Akisukuma mlango na kuingia, ataona ubao karibu na kizingiti, na ubaoni pamebandikwa karatasi yenye miraba. Juu ya karatasi yameandikwa majina ya makanisa sita, saba, hata manane. Ubavuni zimeandikwa Jumapili za mwezi. Jumapili ya kwanza, saa tatu na nusu, Ushirika Mtakatifu katika kanisa hili. Saa tano, katika kanisa la kijiji cha pili. Jumapili ya pili mraba ni mtupu. Ya tatu, Sala ya Asubuhi, bila ya kasisi. Na mengineyo kama hayo mpaka karatasi iishe.

Karatasi hiyo ni ratiba ya kasisi mmoja. Makanisa yote hayo ni yake, na kila moja lina kengele yake, makaburi yake, wasimamizi wake na paa lake linalovuja. Jumapili utamwona amekwisha kutoa baraka huku, mara amejitoma garini, akimbilia kule watu wasije wakangojea sana katika baridi.

Kwetu sisi tuliozoea kusikia adhana mara tano kwa siku kutoka kila upande wa mji, jambo hili lina ajabu yake. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni habari ya watu walioacha dini, basi. Hilo limo, wala Waingereza wenyewe hawalifichi. Lakini nilipozidi kuchimba niliona kwamba kuna habari nyingine chini yake, na habari hiyo mtu wa pwani aifahamu vizuri kuliko Mwingereza wa leo, kwani ni habari ya wakfu.

Tuanze na hiyo parishi yenyewe. Parishi ya Kianglikana huko Uingereza si orodha ya waumini. Ni kipande cha ardhi chenye mipaka, na karibu kila shubiri ya nchi imo katika parishi fulani. Anayekaa ndani ya mpaka ni mtu wa parishi hiyo, akiwa anasali au hasali. Ana haki ya kuingia kanisani, na ana haki ya kuzikwa katika makaburi yake ikiwa pana nafasi. Hata Muislamu aliyehamia kijijini kufungua duka, kisheria ni mtu wa parishi, na kasisi amebeba dhamana yake apende asipende.

Sasa nani alimlisha kasisi? Zamani za kale, mwenye ardhi ndiye aliyejenga kanisa, akatenga na shamba la kumtunza kasisi. Juu ya shamba hilo palikuwa na fungu la kumi: mkulima alitoa moja katika kumi ya ngano yake, ya majani makavu yake, ya wana-kondoo wake, hata ya mayai. Msomaji asilichanganye na zaka yetu. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, na imamu hamo kwa sababu tu ya uimamu wake. Fungu la kumi la Uingereza lilikuwa riziki ya kasisi waziwazi, na asiyetoa alipelekwa mbele ya sheria.

Na hapa ndipo ilipotokea ile tofauti ya majina ambayo humtatanisha mgeni mpaka leo. Kasisi aliyepokea fungu lote aliitwa rector. Lakini parishi nyingi zilitiwa mikononi mwa nyumba za watawa. Watawa wakachukua fungu kubwa, la nafaka, wakamweka kasisi mdogo aitwaye vicar, wakamwachia fungu dogo la kuku na matunda. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba hizo, kati ya mwaka 1536 na 1540, fungu kubwa halikurudi kwa kasisi. Liliuzwa na kugawiwa mabwana wa mashamba. Kwa hiyo ilikuwepo parishi ambayo kasisi wake alipanda farasi mzuri na kufuga mbwa wa kuwinda, na ya jirani yake, ambayo kasisi wake alikuwa hana viatu. Malkia Anne alianzisha mfuko wa kuwasaidia hao masikini mwaka 1704, lakini ulikuwa tone baharini.

Juu ya hayo palikuwa na mtu mwenye haki ya kumchagua kasisi na kumleta kwa askofu. Mtu huyo huenda akawa bwana wa shamba, huenda akawa Mfalme, huenda ikawa chuo cha Oxford au Cambridge. Haki hii ilikuwa mali. Ilirithiwa, ikauzwa na kununuliwa. Yaliyofuata si siri. Makasisi wenye jamaa wakubwa walikusanya parishi tatu, nne, mapato yakaingia mfuko mmoja. Wao wenyewe walikaa mjini, na kila parishi wakaiwekea naibu wa mshahara wa kusikitisha, aliyepanda farasi wa kuazima kutoka kanisa hili hadi lile. Fedheha ilipozidi, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1838 kumzuia kasisi asishike zaidi ya parishi mbili, na hizo nazo zisiwe mbali.

Basi karne nzima Waingereza walijisifu kwamba kila kijiji kina kasisi wake, anakaa katika nyumba kubwa pembeni ya kanisa, anajua jina la kila mtoto. Na picha hiyo ndiyo watu wengi wa vijijini wanayoilia leo, wakidhani ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu. Ukweli ni kwamba ilidumu kiasi cha miaka mia moja hivi. Yale yaliyokatazwa mwaka 1838 kwa sababu ya tamaa yakarudi baada ya Vita vya Pili kwa sababu ya uhaba.

Mashine ziliingia mashambani, na kazi ya watu ishirini ikafanywa na mtu mmoja juu ya trekta. Vijana wakahamia mijini. Fedha ikashuka thamani, na mapato ya shamba la kasisi yaliyomtosha babu hayakumtosha mjukuu. Waliojitolea kuwa makasisi wakapungua mwaka hata mwaka. Leo Kanisa la Uingereza lina makanisa yapatayo 16,000 katika parishi kiasi cha 12,500, na makasisi wa kulipwa mshahara ni 7,000 hivi. Na kwa kuwa mijini penye watu wengi lazima pawe na kasisi wa mahali pamoja, hesabu yote ya upungufu yaangukia shamba.

Mwaka 1949 kasisi mmoja, A. C. Smith, alipewa kanisa la South Ormsby katika vilima vya Lincolnshire, pamoja na vijiji vidogo vilivyolizunguka. Idadi yake ilipita kumi, na watu wake wote wakikusanywa wasingejaza kanisa moja la mjini. Badala ya kuvigawa vijiji hivyo mafungu, yeye na wenzake wachache walivitumikia vyote kama kikosi kimoja. Kila kanisa lilibaki na jina lake na wasimamizi wake, lakini makasisi waliyazunguka yote kwa zamu. Kitabu alichokitoa mwaka 1960 kilisomwa sana, na katika mwaka 1961 Hugh Blackburne alianza kazi ya namna hiyo huko Hilborough, Norfolk. Mwanzo watu walikuwa wakienda kutazama kama tunavyokwenda sisi kutazama shamba la maonyesho.

Sheria ilikuja nyuma ya mambo, kama kawaida yake. Kanuni ya Kichungaji ya mwaka 1968 iliweka njia rasmi, na zilizofuata za 1983 na 2011 zikairekebisha. Kuna kasisi kushika parishi kadhaa, kila moja ikiwa mbali na mwenzake kisheria. Kuna kuunganisha cheo cha kasisi kiwe kimoja, lakini parishi zikabaki na halmashauri zao na sanduku zao za fedha. Hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo inayomchosha kasisi zaidi, kwani mwenye parishi nane ana halmashauri nane za kuhudhuria na hesabu nane za kukagua. Kuna kikosi, chenye rector mmoja na makasisi wenzake chini yake. Na kuna kundi, ambamo kila kasisi ana parishi yake lakini wote wamefungamana kusaidiana na kila mmoja aweza kusalisha kwa mwenzake. Kuziyeyusha parishi zenyewe ziwe parishi moja kwaruhusiwa pia, ila wanakijiji hawakubali upesi.

Nao wana mahali pa kukataa. Askofu hawezi kuamka asubuhi akaunganisha. Kamati yake hushauriana kwanza na halmashauri za parishi na wenye haki ya kumchagua kasisi. Kisha mpango huandikwa, ukatangazwa, watu wakapewa siku za kuleta pingamizi. Pingamizi husikizwa na Makamishna wa Kanisa huko London. Asiyeridhika aweza kuomba ruhusa ya kukata rufaa mpaka Kamati ya Sheria ya Baraza la Mfalme, baraza lile lile ambalo zama za ukoloni kesi za Kenya nazo zilikuwa zikifika. Wako wanakijiji waliofika huko kwa ajili ya kanisa lenye waumini wa kuhesabika kwa vidole.

Kwa nini wapigane namna hiyo? Hapa narudi kwenye wakfu.

Mwaka 1976 ilipitishwa kanuni, ikaanza kutumika 1978, kwamba mashamba yote ya makasisi yaondolewe katika mikono ya kila parishi na kutiwa katika mfuko wa dayosisi. Shamba lililotolewa na mtu wa kijiji fulani, miaka mia sita au mia saba nyuma, ili kijiji hicho kisikose kasisi, likawa la dayosisi nzima. Makasisi sasa wote hupokea mshahara karibu sawa, na kila parishi hutakiwa kuchangia mfuko huo kila mwaka. Kijiji kikaanza kulipia kile ambacho wazee wao walikuwa wamekwisha kukilipia.

Sisi tuliosoma chuoni twajua wanavyuoni walivyosema, kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu ni kama nassi ya Sheria. Ukitoa minazi yako kwa taa ya msikiti fulani, haifai mtu akaja kusema msikiti mwingine una giza zaidi. Lakini nisimdhulumu Mwingereza. Aliyeitunga kanuni ile aliona kasisi wa watu mia moja ana shamba la kumnenepesha, na mwenzake wa watu elfu kumi, katika mtaa wa viwanda, hana kitu. Kulikuwa na haki katika kuchanganya. Mimi katika jambo hili nimebaki na roho mbili. Msikiti wa kijiji nilichozaliwa ulikuwa na minazi yake ya wakfu. Nazi zikauzwa, pakapatikana mafuta ya taa na mikeka ya Ramadhani, na mwadhini akapata chochote cha kitoweo. Minazi ile leo hakuna, na kiwanja chake kina ukuta na geti. Msikiti wadumu kwa michango ya watu. Angekuja mtu akaniambia kwamba wakfu ule umechukuliwa ili usaidie misikiti mingine kumi, sijui ningelia au ningeshukuru.

Alama ya mambo haya msafiri aiona kwa macho. Katika vijiji vingi, pembeni ya kanisa, pana nyumba kubwa nzuri yenye bustani, na mlangoni pameandikwa kwamba ndiyo nyumba ya kasisi ya zamani. Ndani yake anakaa tajiri aliyeinunua. Kasisi anakaa katika kijumba kipya, kijiji cha tatu kutoka hapo.

Kuna jambo la pili ambalo halina budi kufafanuliwa, maana bila ya hilo Muislamu hataelewa taabu yote ni ya nini. Imamu akichelewa, sisi humsukuma mbele mwenye kusoma vizuri zaidi kati yetu, na sala yetu ni kamili. Kwa Waanglikana sivyo. Ibada yao kubwa, Ushirika Mtakatifu wa mkate na divai, haiwezi kuongozwa ila na kasisi aliyewekewa mikono na askofu. Tazama jinsi hesabu zetu zilivyopishana. Katika madhehebu ya Shafi, Ijumaa yataka wanaume arobaini waliobaleghe, wakazi wa hapo; wasipotimia, husali adhuhuri yao au huenda msikiti wa jamii ulio jirani. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662, hata katika parishi ndogo kabisa, hutaka watu watatu tu wa kushiriki pamoja na kasisi. Sisi kinachoweza kutukwamisha ni jamaa. Wao ni yule mmoja wa mbele.

Ndiyo maana mbinu nyingi walizobuni ni za kumtafuta huyo mmoja, au kumpunguzia kazi. Tangu mwaka 1866 kuna wasomaji wa kanisa, watu wenye kazi zao, mwalimu au mkulima, waliofunzwa na kuruhusiwa na askofu kuongoza Sala ya Asubuhi na ya Jioni na kuhubiri. Hawawezi kubariki mkate. Mwezi wa Machi 1994 wanawake wa kwanza waliwekewa mikono kuwa makasisi huko Bristol, na tangu hapo wengi wao wamepelekwa kwenye makundi ya vijijini. Kanisa lao lilizozana sana juu ya jambo hilo, ila vijiji vingi visingekuwa na kasisi hata mmoja bila ya wao. Wako na wazee waliostaafu, ambao hupewa nyumba bila ya mshahara, nao hulipa kodi kwa kusalisha Jumapili na kufanya kazi siku mbili za wiki.

Na mwezi wa Februari 2019 sinodi yao ilikubali kuiondoa kanuni iliyotoka kwa zile za mwaka 1603, iliyolazimisha ibada katika kila kanisa la parishi kila Jumapili. Sasa yatosha ifanyike walau katika kanisa moja la kundi. Kusema kweli ilikuwa imekwisha kuvunjwa miaka mingi. Karatasi zile za ubaoni zilikuwa ushahidi wa kosa lililobandikwa hadharani.

Huku kwetu pwani mambo yalianza kinyume. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Rebmann wakaweka kituo Rabai. Hapakuwa na fungu la kumi wala bwana wa shamba wa kujenga kanisa. Frere Town ikaanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na kengele yake ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwawekea mikono Ishmael Semler na William Jones kuwa mashemasi. Makasisi walikuwa wachache na nchi ilikuwa kubwa, kwa hiyo tangu mwanzo kasisi alikuwa mmoja na makanisa madogo mengi, kila moja likiwa na mwalimu au msomaji wake. Mpaka leo, ukienda Kilifi au vilima vya Taita, ndivyo parishi ilivyo. Kile ambacho Uingereza yakiona msiba, huku ni mazoea.

Nilipata kumwuliza mzee mmoja wa upande wa Rabai, aliyekuwa msomaji wa kanisa tangu ujana wake.

"Mzee wangu, kasisi wenu huja lini?"

"Mwanangu, padri huja akijaliwa," akanijibu. "Lakini Jumapili haimngoji padri."

Nikamwuliza kama hilo halimtii unyonge. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatembea kwa miguu.

Ugomvi huko Uingereza haujesha. Mwaka 2021 dayosisi ya Leicester ilikubali kuzikusanya parishi zake zaidi ya 200 katika makundi makubwa chini ya 30, na ikayaita kwa jina la minster, nyumba zile za zama za Waanglo-Saxon ambamo makasisi walikaa pamoja na kutoka kwenda kuhubiri vijijini, kabla kila kijiji hakijapata kanisa lake. Mwaka huo huo watu wengine waliokutana London walianzisha chama cha kuitetea parishi, wakidai kwamba fedha zipo ila zinaliwa na maofisi, na kwamba mwanakijiji asiyejua jina la kasisi wake ataacha kuchanga, kisha ataacha kuja. Nionavyo mimi, hoja hiyo ya pili ina uzito kuliko ya kwanza.

Wakati huo huo makanisa yaendelea kufunguliwa asubuhi na kufungwa machweo, na mwenye ufunguo si kasisi. Ni mmoja wa wale wasimamizi wawili ambao kila parishi huwachagua kila mwaka, mara nyingi bibi wa miaka sabini na kitu aliyerithi kazi hiyo kwa mumewe au babake. Yeye ndiye anayejua bomba lipi huganda wakati wa baridi na nani kazikwa wapi.

Na ukitokea mwezi wenye Jumapili tano, ile ya tano makundi mengi hufanya ibada moja tu. Vijiji vyote vinane huja katika kanisa moja, kwa zamu, kasisi akapumzika kukimbia, na baada ya sala hunywa chai pamoja. Watu wa kijiji kimoja hukaa upande wao, na wa kijiji kingine upande wao. Kisha huanza mabishano ya nani zamu yake inayofuata.